Bunduki ya Ndugu

Karakana ya Silaha,
Jumamosi asubuhi.

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii nikiwa nimeinama kweli, maana meza yetu ya kazi ni fupi na kiti nilichopata leo ni kirefu, kwa hiyo heshima yako umeipata kamili. Hujambo lakini? Na mguu je? Tafadhali usinijibu kwamba mguu haujambo, maana wewe hata ukikatwa kichwa utasema ni mchubuko tu. Nieleze kama mshono umekauka au bado unatoa maji, kama unakanyaga kwa unyayo mzima au kwa vidole, na kama daktari amekuruhusu kuacha gongo moja la kutembelea. Wifi aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unazunguka nyumba nzima ukishika kuta na kuwagombeza watoto kwa kuacha viatu mlangoni. Nilifurahi mno kusikia hivyo, nikajua damu imeanza kurudi mwilini.

Mimi ni mzima. Mama naye hajambo, presha imeshuka, ulimi umebaki palepale. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote, na mambo niliyonayo leo hayataki kukatizwa. Kwa hiyo kaa chini, nyoosha mguu, unisome mpaka mwisho.

Najua unahesabu siku. Kikao chako cha nidhamu ni Alhamisi ijayo, na swali lao unalijua: kwa nini askari wa msitu mwenye uzoefu wako aliiacha bunduki wiki nne bila kuisafisha, mpaka ikagoma mbele ya nguruwe pori. Wakiridhika na jibu uliloliandika kwa mkono wako, wanakuondoa msituni. Miaka kumi na tisa unaikabidhi pamoja na sare na buti, basi. Barua hii naiandika kwa ajili ya hiyo Alhamisi. Lakini niache nishukuru kwanza, maana kwenye kushukuru nimechelewa sana.

Nakushukuru kwa siku ile uliponileta hapa karakana. Nyumbani walikuwa wameshaamua kwamba nimechanganyikiwa. Mama aliuliza ni mwanamume gani atakayeoa mwanamke anayenuka mafuta ya taa, na shangazi akaongeza kwamba cherehani zipo, kwa nini nisiende kukaa na cherehani kama watu. Wewe hukubishana nao. Ulinishika mkono, ukanileta mbele ya fundi mkuu, ukamwambia kwamba mdogo wako alifungua redio ya nyumbani kwa kisu cha mezani akaifunga tena, na skrubu hazikubaki. Naye akaniamuru nizunguke jengo mara tatu kwa mbio, kisha nitunge uzi kwenye sindano papo hapo. Mara ya kwanza nilijitunga kidole. Mara ya pili uzi ukapita. Ulipiga kelele kama timu yako imefunga bao, mpaka walinzi wa getini wakaja kutazama kuna nini. Sikuwahi kukuambia asante kwa hilo. Asante, Kaka.

Huyo fundi mkuu ndiye huyu tunayemwita Mzee Tena, maana neno lake ni hilo moja. Ukimletea mtutu uliousugua mpaka mkono umekufa ganzi, anaupeleka dirishani, anachungulia ndani, anakurudishia na kusema tena. Nimewahi kuambiwa tena mara sita kwa mtutu mmoja, na mara ya saba akaguna, na mguno huo nikauchukulia kama cheti. Kwake kila bunduki inayopita mlangoni, hata aliyeileta akiapa kwa mama yake mzazi kwamba haina risasi, inafunguliwa, inatazamwa kwa macho, kisha inaingizwa kidole kidogo kwenye chemba, pale inapokaa risasi. Anasema macho huona yanachotaka. Na kwa kweli mwezi huu kidole kimeokoa watu: alikuja mzee mmoja mwindaji, mpole, na bunduki ya urithi imefungwa kwenye shuka la kitanda, akatuhakikishia kwamba haijatiwa risasi tangu baba yake afariki. Mwenzangu Msasa aliingiza kidole akabadilika rangi. Risasi ilikuwemo. Mzee wa watu alikuwa amelala nayo uvunguni miaka minane.

Kazi ni nyingi, namshukuru Mungu. Vitako vilivyopasuka tunavitia gundi na kuvibana kwenye jiriwa siku mbili. Springi zilizochoka tunazibadilisha. Kutu ndiyo usiseme, watu wanaweka bunduki jikoni kama vyungu. Wiki iliyopita tuliletewa moja ambayo mwenyewe aliichezea nyumbani kwa tupa ili traiga iwe laini, akailainisha mpaka ukifunga mlango kwa nguvu inafyatuka yenyewe. Msasa, ambaye jina hilo alilipata kwa sababu ya ulimi wake na si kwa sababu ya kazi, alimwambia yule bwana kwamba siku nyingine akitaka kujiua asimsumbue fundi kwa usafi wa chombo. Bwana akanuna. Tulimtengenezea, na alipoondoka alikuwa anashukuru.

Kuna sharti moja la hapa ambalo sijawahi kukueleza vizuri, nalo ni sharti la bunduki ya ndugu. Fundi wa karakana hii haruhusiwi kugusa bunduki ya mtu wa nyumbani kwake. Akiitambua, anaiacha mezani na kumwita mwenzake aichukue, na hakuna anayemuuliza swali. Mzee Tena anasema mkono ukijua unamfanyia nani, hupoteza kipimo. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana alikaza skrubu za bunduki ya baba yake kwa mapenzi mpaka kitako kikapasuka mikononi mwake, na baba hakusema naye mwezi mzima. Tunamcheka akisimulia. Bunduki huja na namba tu, jina la mwenyewe halimo kwenye kadi ya kazi, kwa hiyo sharti linasimama kwa uaminifu wa fundi peke yake.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe. Jumatatu gari la kituo chenu lililetea karakana gunia lililofungwa kwa lakiri. Ndani mlikuwa na bunduki yako, bahasha yenye nakala ya taarifa uliyoiandika ukiwa hospitali, na risasi mbili ambazo hazikulia. Kikao kimemtaka Mzee Tena aikague na kuandika alichokiona. Alituita sote tusimame kuizunguka meza, maana hupenda tujifunze kwa kutazama. Akasoma taarifa yako kwa sauti: kwamba asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi kali, kwamba nguruwe aliyejeruhiwa na mitego alitoka kichakani hatua kumi kutoka mlipokuwa, kwamba ulivuta traiga ukasikia tak, ukakoki tena, tak nyingine, na kwamba mwenzako unayemwita Mrefu alimpiga yule mnyama wakati jino lake lilikuwa tayari limekupasua paja. Nilishika ukingo wa meza. Kumshukuru Mrefu sina maneno. Nimemfumia sweta, utamkabidhi, na kama mikono imekuwa mifupi ni kosa la urefu wake.

Halafu akasoma sehemu uliyosema kwamba kosa ni lako, kwamba kwa uvivu hukuisafisha bunduki wiki nne, uchafu ukaziba. Akaiweka karatasi chini, akaanza kuikagua. Akapitisha kitambaa cheupe kwenye mtutu, kikatoka cheupe. Akapitisha kingine kwenye chemba, nacho cheupe. Akachungulia dirishani muda mrefu, na Kaka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitazama mtutu wa mtu bila kusema tena. Alisema huyu mtu anaisafisha bunduki yake kila siku, na anaisafisha kuliko sisi, kwa hiyo hapa anajisingizia, na mtu hajisingizii bure.

Ndipo akachukua komeo, kile kipande mnachokivuta nyuma na kukisukuma mbele mnapokoki. Kulifungua ndani ni kazi ya fundi peke yake, nyinyi mmekatazwa, na lako lilikuwa halijafunguliwa tangu litoke hapa miezi mitatu iliyopita. Alipolifungua, springi haikuruka kama kawaida. Ilitoka polepole, imevaa grisi ya manjano nene kutoka mwanzo hadi mwisho, na pini ya kupigia fataki, kile kiwashio cha nyuma ya risasi, imezama humo humo kama kijiko kwenye asali. Akaeleza kwamba kwenye joto grisi hiyo isingeleta shida, lakini kwenye baridi ya kwenu inaganda, pini inakwenda kwa kusuasua, inaigusa fataki badala ya kuipiga. Akatuonyesha zile risasi mbili. Kila moja ilikuwa na alama ndogo tu, kama ya ukucha uliogusa sabuni.

Msasa hakukosa la kusema. Alisema fundi aliyelipaka komeo hilo alidhani ni mtoto mchanga anapelekwa kliniki. Wote wakacheka. Na mimi nilicheka nao, Kaka. Nimekaa siku tano nikijisikia nikicheka.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Ni mimi. Bunduki yako niliitengeneza mimi.

Ilipofika mezani kwangu ile miezi mitatu iliyopita niliitambua kabla sijaigusa, maana namba yake uliniandikia mwenyewe siku ulipokabidhiwa, ukajisifu kwamba umeikariri kuliko tarehe yako ya kuzaliwa. Sharti nilikuwa nalijua. Ilinipasa ninyamaze, niiache, nimwite Msasa. Nikatazama pembeni, Msasa alikuwa anapiga mluzi huku anafanya kazi, nikaona sitaki bunduki ya kaka yangu ishikwe na mtu anayepiga mluzi. Huo ndio ukweli wote, hakuna sababu nyingine kubwa. Nikaivuta kwangu.

Uliwahi kuniandikia kwamba huko kwenu mvua inakaa wiki tatu bila kupumzika na chuma kinaliwa na unyevu ukikitazama. Mimi nikawa nayasikia maneno hayo tu kichwani. Tumefundishwa kwamba ndani ya komeo unapaka kama mtu mchoyo, kisha unafuta mpaka uone aibu kusema umepaka. Mimi nilipaka, nikakufikiria ukiwa kwenye mvua, nikaongeza. Nikakumbuka watoto, nikaongeza. Nililijaza lile komeo kama najaza chupa ya safari. Nikaijaribu uwanjani jua la saa saba, ikalia vizuri mara zote tatu, nikajiona fundi kweli. Kwenye kadi nikaandika imesafishwa, imepakwa kama kawaida. Hayo maneno kama kawaida ndiyo yananiuma kuliko yote, maana nilijua ninapoyaandika kwamba si kweli.

Wewe pia ulijua ni mimi. Usikatae. Jumatatu Mzee Tena alirudia mara mbili sentensi moja ya taarifa yako, ile isemayo kwamba fundi aliifunga bunduki kitambaa chake vizuri na hana lawama yoyote. Akauliza tangu lini taarifa ya ajali ikaeleza jinsi kitambaa kilivyofungwa, na nani aliyekuwa amemlaumu fundi hata atetewe. Wenzangu wakainua mabega. Mimi nilijua jibu. Kila bunduki inayotoka hapa tunaipitishia kitambaa kwenye chemba na kukifunga, ili anayeipokea aone kwamba haina kitu. Yako niliifunga kwa fundo la Mama, lile lenye mkia uliofichwa ndani, alilotufungia mabegi ya shule ili tusiyafungue njiani. Sikufikiria, mkono ulikwenda wenyewe. Hapa duniani wanaolijua fundo hilo ni watatu. Ulilifungua kwa vidole vyako siku unaipokea, na ulipolala hospitali na paja limeshonwa, ukijua fika kwamba mtutu wako ulikuwa safi, ulijua shida ilikuwa ndani ya komeo na ulijua mkono uliofika humo ni wa nani. Ukaomba kalamu, ukaandika kwamba wewe ni mvivu. Wewe! Mtu unayepiga pasi soksi.

Jumanne asubuhi nilifika kabla ya wote. Nilitaka kuitoa kadi yenye alama yangu nimpelekee Mzee Tena. Nikakuta sanduku la kadi liko wazi, na kadi ile imeinuliwa kidogo juu ya nyingine. Alikuwa ameshaiona. Alikuwa amekaa kwenye kona yake na kikombe cha chai kilichopoa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nililia, si uongo. Aliponisikiliza mpaka mwisho alisema alikuwa amejiwekea mpaka Ijumaa, na kwamba nisingekuja mwenyewe angenifukuza, lakini kwa kuwa nimekuja tutafanya kazi. Kisha akanigeuzia kadi, akanionyesha saini ya chini. Ilikuwa yake. Alikuwa ametia saini ya kuthibitisha bila kulifungua komeo, akaniamini kwa mazoea, na hilo alisema atalijibu yeye.

Adhabu yangu ni hii. Kila komeo lililopita mikononi mwangu mwaka huu linaitwa lirudi, na nalifungua mbele yake, moja baada ya moja, mpaka sasa yametoka mazima kumi na saba na hakuna jingine lililozidishwa. Lilikuwa lako peke yake. Miezi sita sitagusa matengenezo yoyote, nasugua mitutu tu kama siku ya kwanza. Msasa aliposikia alikuja kusimama mbele yangu, nikajiandaa kwa ulimi wake, naye akaniomba radhi kwa ule utani wa mtoto mchanga na kuniachia brashi yake mpya. Naona watu wananitendea wema nisioustahili, na ninaupokea wote, sina kiburi tena.

Nimeandika maelezo yangu kurasa mbili na kutia saini. Mzee Tena ameandika yake. Yote yameondoka jana kwa gari la kituo, yamepokelewa na mwenyekiti wa kikao, na nakala ya yangu nimekuwekea humu ndani ya bahasha. Kwa hiyo usihangaike kupiga simu kunizuia, umechelewa. Wameniita kama shahidi. Alhamisi nitakuja na basi la alfajiri, Mzee Tena atakaa upande wangu wa kulia, na utaniona. Naomba usinitikisie kichwa. Wakikuuliza tena kama uliiacha bunduki yako chafu wiki nne, waambie ukweli, kwamba hukuiacha hata siku moja.

Nakushukuru, Kaka. Nakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Uliniletea kazi, na kazi hiyo ilipokutoa damu bado ulitaka niwe nayo, ukalala kitandani ukipanga kutoa miaka yako kumi na tisa ili yangu minne ibaki. Nimeipokea zawadi hiyo kwa mikono miwili na nimepiga goti, kisha nimeirudisha, kwa sababu si yangu. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa ule mguu. Haki hiyo unayo, nami nitakaa kimya nikusikilize. Ila kwa hili la maelezo usinikasirikie, maana nililijifunza kwako.

Mama nimemwambia. Alitoka nje, akarudi, akaniuliza kama nina nguo ya heshima ya kuvaa Alhamisi. Ninayo, ameshainyoosha mara mbili. Anakusalimu sana na anasema ule, usijifanye umeshiba. Nisalimie Wifi kwa mapenzi yote, mwambie nitalala kwenu siku moja kama atanikubali baada ya kusoma haya, maana najua atasoma. Watoto wabusu kila mmoja, uwaambie shangazi yao anakuja na asubiriwe. Msasa anakusalimu, na Mzee Tena amesema nikufikishie kwamba mtutu wako ulikuwa safi. Nilimuuliza kama niongeze neno lolote hapo, akasema hapana, wewe utaelewa.

Afya njema, Kaka, na mguu upone kabisa.

Ni mimi mdogo wako,
fundi niliyeipaka grisi bunduki yako.